Mwongozo kamili: jinsi ya kutambua kipande cha bomu ama kombora kwa picha, bila kukigusa

Kila wiki napokea picha. Nyingine zatoka kwa jamaa wa Kiunga na Kizingitini, nyingine kwa wasomaji walioko Goma, Kismayu, Cabo Delgado, na swali ni moja tu, "hii ni nini?" Na kosa ni lile lile kila siku. Picha moja, imetoka mawingu mawingu, hakuna kipimo, hakuna upande wa pili, alafu chini mtu ashaandika jina, "droni ya fulani", "kombora la nchi fulani". Jina limekuja kwanza, kuangalia kumefuata nyuma, na hapo ndo kazi yote huharibika, kwa sababu ukishalipenda jina utaona kila kitu kinafanana nalo.

Hapa twafanya kinyume. Jina litakuja mwisho, na saa zingine halitakuja kabisa, na hiyo pia ni kazi iliyofanywa sawasawa.

## Kabla ya yote: kazi yako ni picha, sio chuma

Kuna mvuvi mmoja wa hapa Amu (Lamu) alileta kopo la chuma mpaka jeti, amelifunga kamba nyuma ya mashua, watoto washajaa. Nikamwambia, "Ami, liwache hapo hapo, hebu shuka urudi nyuma." Akanijibu, "Mwanangu, nimekuja nacho tangu Mkokoni, kingekuwa cha kulipuka kingelipuka njiani." Lile kopo lilikuwa la moshi, yale ambayo meli na ndege huyatupa majini kuweka alama. Ndani yake mna fosforasi, na kama haikuungua yote inaweza kuwaka tena.

Ile hoja yake ndo inayoua watu. Bomu lililoanguka likakosa kulipuka mara nyingi ni bomu ambalo fyuzi yake, kile kifaa cha kulilipua, ilianza kazi ikakwama njiani, na hujui imebakisha nini. Huenda imebakisha mtikisiko mmoja tu. Kwa hivyo:

- Ukikiona, simama. Usikisogelee, usikipige teke, usikirushie jiwe, usikimwagie maji.
- Rudi kwa nyayo zako zile zile ulizokuja nazo. Kilipo kimoja kunaweza kuwa na cha pili.
- Picha piga kwa zoom kabla hujarudi, kutoka pale pale uliposimama ulipokiona, alafu ondoka. Usipige simu wala radio karibu nacho, nenda mbali kwanza.
- Weka watoto mbali, weka alama inayoonekana njiani, mwambie chifu, polisi ama watu wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) kama ni ufuoni. Nambari za dharura Kenya ni 999 na 112.

Na kitu kimoja niseme wazi, hasa kwa sisi wa Lamu tunaotumia barabara za kuelekea Hindi, Milimani na Kiunga. Mtungi, dramu, mkebe wenye waya, udongo uliochimbwa ukafunikwa katikati ya barabara, hizo ni dalili za bomu la kutengenezwa kienyeji na mwongozo huu hauhusiki nazo. Usikae kupiga picha. Ondoka, piga ripoti, na usisambaze kwa WhatsApp mpaka wenye kazi ya kutegua wamalize, kwa sababu ukisambaza watu watakuja kutazama.

Uzee pia usikudanganye. Waitaliano waliipiga Malindi kwa ndege mwaka 1940, na bomu la wakati ule likifukuliwa leo kwenye msingi wa nyumba halijapoa hata kidogo. Kutu hula chuma cha nje, baruti ya ndani yakaa miaka na miaka.

## Vitu unavyohitaji

- Picha zenyewe, faili asili, sio skrinishoti.
- Kompyuta ama simu yenye skrini nzuri na bando ya kutosha.
- Programu yoyote ya picha inayokuwezesha kukuza, kugeuza na kuhesabu pikseli (vile vidoa vidogo vinavyounda picha).
- Daftari na kalamu. Usidharau hii.
- Google Lens na Yandex za kutafuta picha kwa picha.
- Hazina za bure za kulinganisha. Mimi hutumia Open Source Munitions Portal, ambayo ina picha za vipande vilivyokutwa kwenye vita vya kweli, na CAT-UXO inayoonyesha silaha nzima na maelezo yake. Shirika la GICHD la Geneva, la mambo ya kutegua mabomu, pia lilitoa kitabu cha bure cha silaha zinazokutwa Ukraine, na nyingi ni za asili ya Kisovieti kwa hivyo zakutwa Afrika pia.
- Masaa mawili bila kukimbizwa na mtu.

## Hatua ya 1: Pata faili asili

WhatsApp ikituma picha kawaida huibana, herufi ndogo za kwenye chuma zinayeyuka, na pia inaondoa zile taarifa za ndani za saa, tarehe na mahali. Mwambie mtumaji atume tena kama dokumenti, sio kama picha. Hiyo moja tu imenitatulia nusu ya kesi zangu.

Muulize maswali manne: nani alipiga, lini, wapi, na kuna picha zingine? Watu hutuma ile moja wanayoona ni nzuri, wakawacha nane simuni, na mara nyingi ile yenye maandishi ni katika zile nane. Usimwambie arudi kupiga nyingine. Narudia, usimrudishe mtu kwenye chuma kwa ajili ya swali lako.

Weka nakala ya faili ilivyokuja bila kuigusa. Kazi yako yote ya kukata na kuongeza mwangaza fanya kwenye nakala ya pili.

Umefaulu ukiwa na: faili lisilobanwa, jina la aliyepiga (kwako peke yako, usilichapishe), tarehe na mahali.

## Hatua ya 2: Hakikisha picha ni ya hapo na ya siku hiyo

Waasi wa M23 walipoingia Goma, Kongo, Januari 2025 nilitumiwa picha nyingi kwa siku chache, na katika zile za kwanza tu nilikuta za Syria na za Ukraine, zimebandikwa maneno mapya. Ukianza kupima kipande cha Aleppo ukidhani ni cha Goma utapata jibu sahihi la swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Pitisha kila picha kwa Google Lens na kwa Yandex, zote mbili kwa sababu moja huona ambacho nyenzake haioni. Alafu angalia mazingira: udongo, miti, ukuta, maandishi ya duka, vivuli. Udongo wa Goma ni mweusi wa volkano, mchanga wetu wa pwani ni mweupe na mawe ya matumbawe. Kipande kimelala kwenye vumbi jekundu na mtu anasema ni ufuo wa Shela, hapo uliza tena.

Na ujiulize swali ambalo wengi hawalifikirii: je, hiki ni silaha kweli? Tarehe 30 Disemba 2024 pete kubwa ya chuma ilianguka kijiji cha Mukuku huko Makueni, kipenyo chake kama mita 2.5, uzito kama kilo 500, na Shirika la Anga la Kenya likasema ni pete ya kutenganishia roketi ya kurusha satelaiti. Na sisi wa upande huu tuna Ngomeni, kule San Marco kwa Waitaliano, walirusha roketi za Scout kutoka baharini kati ya 1967 na 1988, satelaiti ya Uhuru yenyewe ilirushwa pale tarehe 12 Disemba 1970. Kwa hivyo chuma chepesi cha ajabu kutoka baharini kinaweza kuwa cha roketi ya satelaiti, boya, mtungi wa gesi, fataki ya dharura ya meli. Tahadhari ni ile ile, lakini jibu sio lile lile.

## Hatua ya 3: Elezea unachokiona, bila jina

Chukua daftari. Andika kama vile wamuelezea mtu kwa simu na hana picha. Ni duara ama bapa? Kuta zake nene ama nyembamba kama bati? Kuna mapezi mangapi, yamenyooka ama yamepinda, yamechomelewa ama yana bawaba za kukunjuka? Kuna matundu, yako wapi? Kuna waya, sakiti, gia, spring? Rangi gani imebaki? Kimepasuka kutoka ndani kwenda nje, ama kimebonyea kutoka nje?

Maneno marufuku kwa hatua hii ni majina. Usiandike "Grad", ambalo ni jina la roketi. Andika "bomba la chuma, mapezi manne yaliyopinda, yanakunjuka".

Vijana ninaofanya nao kazi hii hawaipendi, waiona yachelewesha. Lakini ndo hatua inayowatenga wanaojua na wanaobahatisha, manake kitu chenye mapezi sita hakiwezi kuwa kile chenye mapezi kumi hata kama rangi inafanana na nchi inafanana, na kama hukuhesabu mapema hutakuja kuhesabu baadaye ukishaamini.

Umefaulu ukiwa: mtu mwingine anaweza kuchora kile kitu kwa kusoma maelezo yako tu.

## Hatua ya 4: Pima

Hapa tukae kidogo, ndo penye makosa mengi.

Kipimo kinachofungua mlango ni kipenyo, yaani kaliba. Silaha hazitengenezwi kwa saizi yoyote, zina saizi chache zinazojulikana. Mota, yaani zile silaha za bomba zinazorusha bomu juu likaanguke mbele, za mfumo wa Magharibi huwa 60, 81 na 120. Za mfumo wa Kisovieti 82 na 120. Mizinga ya NATO ni 105 na 155, ya Kisovieti 122, 130 na 152. Roketi za kawaida Afrika ni 107 na 122. Hizi zote ni milimita.

Kama wataalamu washahakikisha kipande ni salama na wamekuruhusu, weka rula kando yake, iguse usawa ule ule, simu iwe juu kabisa imeangalia chini. Rula ikiwa karibu na kamera kuliko kipande, kipande kitaonekana kidogo kuliko kilivyo. Karatasi ya A4 pia ni rula, ni milimita 297 kwa 210.

Kama picha ni ya mtu mwingine na hakuna rula, tafuta kitu kinachojulikana ndani yake. Kadi ya benki ni milimita 85.6 kwa 54. Mabati mengi ya mawimbi, kutoka mgongo mmoja mpaka mgongo wa pili ni kama milimita 76, na hii imenisaidia mara nyingi sana kwa sababu vitu huanguka kwenye nyumba na nyumba zina mabati. Hesabu pikseli za kitu unachokijua, hesabu za kipande, gawanya. Lakini vyote viwili lazima viwe umbali mmoja na kamera, bati la nyuma ya kipande mita mbili halifai.

Kama una kigae tu cha ganda, sio duara zima, bado unaweza kukisia. Chukua picha iliyopigwa ukingoni, chora mstari mnyoofu kutoka ncha moja ya upinde mpaka ya pili, huo uite C. Alafu pima kina cha upinde kutoka katikati ya mstari, hicho kiite K. Kipenyo ni C mara C, gawanya kwa K mara nne, alafu ongeza K.

Mfano: C ni milimita 80, K ni 11. 6400 gawanya kwa 44 ni 145.5, ongeza 11, wapata karibu 156. Ukasema, hah, mzinga wa 155! Tulia. Rudia na K ikiwa 12 badala ya 11. 6400 gawanya kwa 48 ni 133.3, ongeza 12, wapata 145. Na ikiwa 13 wapata 136. Milimita mbili tu za kukosea zimekuhamisha kaliba nzima, na mlipuko wenyewe huukunjua upinde wa ganda. Kwa hivyo hesabu hii hutumika kukataa ("huyu sio 82 hata kwa dawa"), haitumiki kuthibitisha 155 dhidi ya 152.

Na vile vile, rula ya shule haitenganishi mota ya 81 na ya 82. Kutu peke yake ni zaidi ya milimita moja. Ukipata hapo, andika "81/82" uendelee. Nimeona watu wakigombana usiku kucha kwa ile milimita moja na hakuna kati yao mwenye picha inayoweza kuwaamulia.

Umefaulu ukiwa na: nambari mbili, ya chini na ya juu, sio nambari moja. "Kati ya 118 na 126" ni kipimo cha mtu mkweli.

## Hatua ya 5: Kiweke kwenye ukoo wake

Sasa soma maelezo yako na kipimo chako pamoja, ujiulize kitu hiki kilisafiri vipi.

Kina ukanda wa shaba uliokwaruzwa mistari mshazari. Huyo ni wa mzinga. Ule ukanda hukamata mifereji iliyo ndani ya mtutu, na mistari yamaanisha kilishafyatuliwa, hakikutupwa tu hapo.

Kina mkia mfupi wenye mapezi, na bomba la mkia lina matundu ubavuni. Mota. Matundu ni ya kupitisha moto wa baruti ya kurushia. Mkia hubaki mzima mara nyingi hata mwili ukisagika, na upana wa mapezi kutoka ncha mpaka ncha unakaribia kaliba, ndo maana mkia ni zawadi.

Kina matundu ya kutolea moto kitakoni na bomba refu jembamba. Roketi. Ile ya 107 haina mapezi, ina matundu yaliyopinda ili ijizungushe yenyewe. Ya 122 aina ya Grad ina mapezi manne ya kukunjuka. Angalia, lile bomba ni injini, sio kichwa. Injini imeungua, kichwa kiko wapi? Kama hujui, bado hapo si salama.

Mapezi makubwa ya bati, ama chuma kinene sana cha duara. Huenda ni bomu la ndege.

Sakiti, injini ndogo za umeme, gia, bawa la faiba. Cha kuongozwa, kombora ama droni. Hapa vipande vidogo ndo vina maandishi mengi, usivipuuze.

Vitu vidogo vingi vinavyofanana, kama betri, mipira ama mikebe, vimetapakaa eneo kubwa. Bomu la mtawanyiko. Hivi ndo vibaya kuliko vyote kwa watoto, vyaonekana kama vya kuchezea, na vingi hukosa kulipuka vikabaki vikisubiri. Ukishuku hivi usiendelee na uchambuzi wowote kabla hujahakikisha watu wa pale wameambiwa.

Kuna kitu chataka umakini: kipande kimoja si lazima kiseme kitu kizima. Kombora la Tochka-U lililopiga stesheni ya treni ya Kramatorsk, Ukraine, tarehe 8 Aprili 2022, kipande kikubwa cha mkia kilibaki kimelala pale nje, mtu akakiona akadhani ndo kilicholipuka. Kumbe mkia ni wa kusafirisha tu, waliouawa waliuawa na vibomu vidogo vilivyofunguka juu kutoka kichwani.

## Hatua ya 6: Soma maandishi

Kuza picha, badilisha mwangaza, igeuze nyeusi na nyeupe, na nakili kila herufi kama ilivyo kabla ya kuitafsiri. Herufi usiyoiona weka alama ya kuuliza. Usijaze pengo kwa akili yako.

Ni maandishi gani? Ya Kirusi yana mtego, kuna herufi zinazofanana na zetu na sio zetu: В husomwa V, Н husomwa N, Р husomwa R, С husomwa S, na З yafanana na tatu. Kwa hivyo mtu anaandika "OH" akatafuta OH mpaka asubuhi.

Kwenye nambari za Kiarabu sisi tuliopita madrasa tuna faida lakini pia tuna mtego wetu. Nne, tano na sita za Kiarabu ni ٤ ٥ ٦, na za Kifarsi ni ۴ ۵ ۶. Umbo la nne peke yake linaweza kukupa dalili kama kibandiko kiliandikwa kwa Kifarsi ama la, na mtu asiyejua ataiona tu "Kiarabu" akaendelea.

Vitu vya Marekani na NATO mara nyingi vina nambari ya stoo ya tarakimu 13. Nne za mwanzo ni aina ya kitu: 1325 ni mabomu ya ndege, 1330 maguruneti, 1340 roketi, 1345 mabomu ya ardhini, 1410 makombora ya kuongozwa. Mbili zinazofuata ni nchi iliyoiandikisha: 00 na 01 Marekani, 12 Ujerumani, 14 Ufaransa, 99 Uingereza. Nambari ya shehena ya Kimarekani huanza na herufi za kiwanda, kisha tarakimu mbili za mwisho za mwaka, kisha herufi ya mwezi, A ni Januari, B ni Februari.

Kuna pia kodi (code) yenye alama tano, herufi ama tarakimu, ya kila kampuni inayouza vifaa kwa jeshi. Kwenye shambulio la kambi ya wakimbizi Rafah, Gaza, 26 Mei 2024, kipande cha mkia kilionekana na 81873, ambayo ni ya kampuni ya Woodward ya Marekani, na ikiwekwa pamoja na umbo la ule mkia wachambuzi wakafika kwa bomu la GBU-39. Ona vile ilivyokwenda: kodi peke yake ingesema tu kampuni, na kampuni yatengeneza vitu vingi. Umbo peke yake lingebaki dhana.

Rangi je? Mfumo wa NATO una mstari wa njano kwa baruti kali, kahawia kwa injini ya roketi, buluu kwa vya mazoezi. Lakini rangi huungua, hupauka kwa jua, na nchi nyingi zina mpango wao. Na buluu usiione rafiki, baadhi ya vya mazoezi vina baruti ya kutoa moshi na yatosha kukata mkono.

Umefaulu ukiwa na: maandishi yaliyonakiliwa sawasawa, na orodha fupi ya maana zinazowezekana.

## Hatua ya 7: Linganisha ukitafuta tofauti

Ingia kwenye hazina ya picha sasa, chagua ukoo na kaliba, fungua vitu vinavyokaribia. Weka picha mbili kando kwa kando.

Kila mtu hutafuta vinavyofanana. Wewe tafuta kisichofanana. Idadi ya skrubu, umbali wa tundu na ukingo, unene wa pezi, mahali pa mkato. Tofauti moja isiyoelezeka kwa mlipuko ama kutu yatosha kukataa, hata kama vitu kumi vinafanana. Nataka angalau sifa tatu zinazokubaliana ambazo hazitegemeani, na picha mbili za kulinganishia kutoka sehemu tofauti, kwa sababu picha iliyopewa jina kwa makosa huko mitandaoni hunakiliwa mara mia na ikaonekana ni mashahidi mia.

Majibu ya Google Lens sio ulinganisho. Ile ni mashine inayotafuta picha zinazoshabihiana kwa rangi na umbo, ilishawahi kunipa pampu ya maji kwa mkia wa mota. Tumia kupata mwanzo, usiandike kama jibu.

## Hatua ya 8: Andika jibu na kipimo cha uhakika

Mimi hutumia ngazi tatu. *Hakika*: umbo, kipimo na maandishi vimekubaliana. *Yaelekea sana*: viwili vimekubaliana na cha tatu hakionekani. *Dhana*: umbo tu.

Alafu andika yale ambayo kipande hakisemi. Kilitengenezwa nchi fulani, sawa, lakini silaha huuzwa, hupewa zawadi, huibwa, hutekwa, na zile za Kisovieti zatumiwa na pande zote mbili za vita moja. Kiwanda si mfyatuaji. Kusema nani alifyatua wahitaji nani alikuwa na mtambo wa kurushia siku ile, kilitoka upande gani, mashahidi, na hayo yote hayamo kwenye picha ya chuma. Kuna watu wameshikwa, wamepigwa, vijiji vimetiliana shaka kwa sababu ya mtu mmoja aliyeandika jina kwa kujiamini. Hili naliona zito kuliko hesabu zote za hapo juu.

## Mfano mzima

Hii ndo picha ninayofundishia. Mkia wa chuma umelala chini, kando yake bati la mawimbi limeanguka usawa mmoja nao. Bomba la mkia lina matundu ubavuni, mapezi yamechomelewa, mawili yamekunjika. Mwili haupo. Hakuna maandishi.

Pikseli za bati kutoka mgongo mpaka mgongo ni 190. Mapezi ncha mpaka ncha ni 204. 204 gawanya kwa 190 mara 76, wapata 81.6. Kosa langu la kuhesabu ni pikseli tano kila upande, kwa hivyo ni kama kati ya 78 na 86.

Ripoti yenyewe huandikwa hivi:

"Mkia wa bomu la mota, yaelekea sana. Kaliba 81 ama 82, yaelekea sana, 60 na 120 zimekataliwa kwa kipimo. Aina kamili haijulikani, mapezi mawili yamekunjika na idadi yake haihesabiki upande wa chini. Mwili haupo, kwa hivyo haijulikani kama lilikuwa la baruti kali, la moshi ama la mwanga. Nchi na kiwanda havijulikani. Aliyefyatua hajulikani. Picha nyingine za pembe zaziombwa kama tayari zipo kwenye simu ya mpigaji. Mkia bado uko pale pale, polisi wameambiwa, hakuna aliyeusogelea."